Lenzi Iliyotobolewa na Wadudu

Jumatatu, 6 Aprili 1964

Gaspard, karani wa ofisi ya serikali ya teritwari, amepita studio yangu hapa Kasenga. Kwa sababu ya fujo za bondeni, kila atakayevuka bariera ya askari atahitaji lesepase, hati ya kupita, yenye picha. Alhamisi ofisi itachagua mpiga picha mmoja tu: mimi au Révérien wa Nyamianda. Nisipochaguliwa, nafunga studio na kwenda kulima muhogo Lubarika kwa baba mkwe, ambaye hanipendi. Kwa nini Gaspard alitabasamu alipomtaja Révérien?

Jioni nimesoma gazeti la Kifaransa la wapiga picha, nililopewa na Padre. Wamepima lenzi kama yangu na kama ya Révérien! Kuhusu yangu wameandika: "piqué exceptionnel". Shuleni Frère, mtawa aliyetufundisha, alisema meza yetu ni "piquée", na tulipoivunja tulikuta wadudu. Basi lenzi yangu imetobolewa, tena kwa namna ya pekee. Ya Révérien: "très doux". Tamu sana. Ndiyo maana ya lile tabasamu.

Jumanne, 7 Aprili

Nimeichunguza lenzi juani. Kuna kitone. Mke wangu Honorine anasema ni alama ya kidole changu, na kwamba katika picha zangu mtu anaweza kuhesabu kope za shangazi yake. Ananifariji. Au kuna kitu anajua.

Nimekwenda Nyamianda. Mashine zetu za picha ni za aina moja, lenzi ya moja inaingia kwenye nyingine. Nimemwomba Révérien tubadilishane, bila kutaja wadudu. Ameniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akakubali haraka mno. Mtu akikubali haraka, kuna jambo. Lakini lenzi tamu ninayo mimi! Nimecheka peke yangu hadi Kasenga, watu wakinipisha njia.

Jumatano, 8 Aprili

Picha ya majaribio. Nimempiga Mama Kankindi, yule shangazi wa Honorine, mwenye miaka sitini na makunyanzi yake yote. Imetoka laini kama uji. Makunyanzi hakuna. Kovu la ndui hakuna. Pua ipo kidogo. Mama Kankindi amelia kwa furaha, anasema ndivyo alivyokuwa siku ya arusi yake. Gazeti halikudanganya. Picha nimempelekea Gaspard. Honorine aliitazama kwanza, akaipeleka dirishani, akaitazama tena. Kuna kitu anatafuta.

Alhamisi, 9 Aprili

Aibu. Ili kutujaribu, Gaspard amemtuma Mama Kankindi kwenye bariera na lesepase yenye picha niliyompiga. Askari ameitazama, akamtazama na yeye, akasema: "Huyu iko mutoto yako. Weye mwenyewe uko wapi?" Wamemkalisha juani mpaka saa nane, wakishuku ni mjumbe wa waasi. Aliyepigwa picha na Révérien, kwa lenzi yangu, amepita mara moja. Hata kipele cha kidevuni kilionekana. Kazi amepewa Révérien.

Nimemweleza Gaspard habari za wadudu. Amecheka mpaka akakaa chini. Anadai kwa wapiga picha "piqué" ni ukali wa picha, na "doux" ni ukungu mtupu. Honorine anasema aliniambia tangu Jumanne, kwa zile kope. Révérien hataki kurudisha lenzi.

Ijumaa, 10 Aprili

Foleni imemzidi Révérien! Jumatatu ofisi itaongeza mpiga picha wa pili, mradi sura ionekane. Honorine amekimbia kwa Padre, akarudi na lenzi ya kuazima, bila malipo. Nzuri kabisa, anasema.

Siingii mtego mara mbili. Nimefungua gazeti kwanza. Lenzi ya Padre ipo ukurasa wa nane: "traité". Imetibiwa! Neno hilo nalijua, liko kwenye karatasi yangu ya hospitali. Nimemfuata Padre. Amesema maana yake imepakwa dawa ya kupunguza mng'ao. Dawa! Basi iliugua, amekiri mwenyewe. Nimemrudishia kwa heshima, nikamwomba anitafutie ambayo haijawahi kuugua.

Nimemwambia Honorine kwamba, kama ni hivyo, twende tu Lubarika kwa baba yake. Amekubali haraka mno. Kuna jambo.