Nilivyopiga Mbizi Birongo

Leo nimesimama uchi mbele ya akina mama kumi na wawili, na nilikuwa nimevaa nguo kutoka shingoni hadi vifundoni. Wenzangu wa Pwani, kaeni chini niwasimulie.

Mnajua nilirudi huku Birongo kumzika mama, nikabaki. Chai haijichumi. Ng'ombe hajikamui. Mwezi wa tatu huu naishi peke yangu katika nyumba ya mama, na ninayeongea naye zaidi ni huyo ng'ombe. (Ana subira. Hajawahi kunikatiza.) Majirani hunisalimia vizuri barabarani, halafu hupita. Miaka tisa nje ya kijiji si mchezo. Mtu anarudi mgeni, na hakuna anayejua amwulize nini.

Basi wiki iliyopita kanisani akanisimamisha Mama Kemunto, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wenye bwawa la samaki chini ya shamba letu.

"Wewe si ndio ulikuwa unaingia chini ya bahari?"

"Ndiyo, mama."

"Nyavu yetu imeshikwa na kisiki huko chini. Ngege zinakufia ndani. Kuja Jumapili ututolee."

Nilifurahi hadi nikaona aibu. Mnakumbuka zile nyavu zilizotupwa, tulizokuwa tukizikata kwenye matumbawe kwa sababu bado zinaua? Kazi yangu hiyo. Nikamwambia nitautoa wavu wao, na nitawaeleza kidogo jinsi wapiga mbizi wanavyolinda viumbe wa majini, kisha wote wapande kwangu tunywe chai. Akasema sawa.

Leo nimeamka nikafagia hadi nyuma ya kabati. Nikaazima vikombe mpaka vikafika kumi na vitatu. Nikachemsha maziwa yote ya asubuhi, nikanunua mikate minne, nikapika na ndizi. Hotuba niliiandika kwa Kiswahili, kwa sababu sijui matumbawe huitwaje kwa Kigusii.

Saa nane akina mama wakakaa ukingoni mwa bwawa. Mimi nikatokea nyuma ya matete nikiwa ndani ya vazi langu la mbizi, lile jeusi la mpira, linalobana. Miwani kichwani, kisu pajani. (Bwawa lenyewe linanifika kifuani. Najua. Nilitaka waone kazi inavyokaa.)

Mama Kemunto akageuka, akanipa mgongo. Wa pili akageuka. Ikaenda hivyo hadi mwisho wa mstari.

Nikadhani ni jua. Nikaanza hotuba. Nikaiambia migongo kumi na miwili kwamba mpiga mbizi hagusi kiumbe, hachukui kitu isipokuwa takataka, na akimkuta kasa amenaswa humkatia kamba taratibu. Nikasisitiza lililo kubwa: mpiga mbizi mzuri hakanyagi chini, maana tope likitibuka samaki hukosa hewa. "Na kamwe hazami peke yake," nikamaliza. "Lazima awe na mwenzake."

Mgongo mmoja ukauliza, "Hiyo nguo iko na ingine ya kuvaa juu?"

"Hapana, mama. Inavaliwa hivi hivi."

"Hakuna hata shati?"

"Shati litavuta maji, mama. Na hii ni nzito, sikieni." Nikajipiga tumboni, pa, pa, ili wasikie.

Hapo mama mmoja mzee, aliyechuma chai na marehemu mama maisha yao yote, akasema polepole, "Mama yako hangejua aweke macho wapi."

Ndipo nikakumbuka. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya. Kila mama wa rika la mama yako ni mama yako, na mwanamume mzima hamwonyeshi mama yake umbo lake. Vazi langu halifichi hata kitovu. Miaka tisa nilizunguka nalo ufukweni bila kuwaza. Leo nikajitazama kwa macho yao, nikatamani ardhi inimeze. Ardhi haikuwa tayari, bwawa lilikuwa tayari. Nikajitosa.

Miguu yote miwili, kwa kishindo, hadi chini. Tope likanishika magotini. Maji yakawa uji wa wimbi, ngege wakaanza kuja juu kuhema. Mlinzi wa viumbe wa majini nimesimikwa katikati kama mche wa mgomba. Nikapapasa, nikaukwamua wavu kwenye kisiki, nikautupa ukingoni. Kazi ikaisha. Kutoka ndiko sikuweza.

"Mama, nimekwama."

"Tumesikia," wakajibu. Hakuna aliyegeuka.

Wakashauriana wakitazama mlimani. Wakamfungua ng'ombe wangu aliyekuwa akila pale kando, wakairusha kamba yake nyuma juu ya bega. Ikakosa. Mara ya nne nikaidaka. Kisha akina mama kumi na wawili, wamenipa mgongo, wakaishika kamba na kutembea kuelekea kwenye migomba kama watu wanaokwenda zao, nami nikafuata kwa tumbo. Aliyenitazama usoni ni ng'ombe peke yake. Leso ikarushwa, nikajifunga, nikakimbia.

Nyumbani nikavaa suruali, shati, sweta na koti la mvua. Nikapasha chai. Nikangoja.

Saa kumi hivi mkono ukapita dirishani ukiwa na miwani yangu iliyobaki bwawani, na ngege wawili kwenye jani la mgomba. Uso wa Mama Kemunto ulikuwa upande mwingine.

"Nyavu imetoka vizuri. Mbuya mono, kijana yangu. Asante."

"Chai iko, mama. Na sasa nimevaa."

"Leo hapana. Wacha tusahau kwanza."

Akaenda. Sikuthubutu kuuliza kusahau kunachukua muda gani. Vikombe kumi na vitatu viko mezani, na kimoja tu ndicho kimelowa.

Naomba msicheke. Na kama lazima mcheke, nipigieni simu mcheke nikisikia.