Mikono Kumi Kabla ya Saa Mbili

Jumatatu, 3 Mei 1971

Kuta zimeondoka! Mbao zote zilizotenga vyumba vyetu ziling'olewa Jumamosi, na leo tumekuta ukumbi mmoja, meza kumi na moja, hakuna pa kujificha. Bwana Wabwire, meneja wa ofisi yetu ya shehena, alienda kuona ofisi za Nairobi akarudi akisema siku hizi watu hawajifungii. Ati tukionana tutafikiriana.

Shuleni tulifundishwa kuandika shajara kwa Kiingereza, lakini Kiingereza changu kina adabu mno. Hakijui kulalamika. Kwa hiyo, Kiswahili.

Tatizo ni salamu. Zamani chumba cha taipu tulikuwa watatu: Mama Lornah msimamizi, Maximilla na mimi. Mikono miwili, umemaliza. Sasa kila anayeingia anazunguka meza zote, mkono kwa mkono, oyawore ya Kijaluo, umeamkaje, nyumbani wameamkaje, mvua imewanyeshea? Mikono kumi kabla ya saa mbili! Na mimi, nikiri hapa kwa kuwa hakuna anayesoma, nina mikono ya jasho. Si jasho la kawaida. Nikimwona tu mtu anakuja ametanguliza mkono, vidole vinaanza kulia. Ongeza wino wa karatasi za kaboni. Leo nimemwachia Bwana Dishon, karani wa forodha, doa la zambarau katikati ya kiganja. Akajifuta kwa leso, polepole, watu wote wakiona.

Saa kumi Mama Lornah ametuita mimi na Maximilla. Miezi yetu ya majaribio inaisha Ijumaa na nafasi ni moja. Amesema kwa taipu tunalingana, kwa hiyo atamchukua yule anayewafikiria wenzake, maana sasa tunakaa wote chini ya dari moja.

Ni mimi. Lazima niwe mimi. Nikikosa hii narudi Kimilili kupalilia mahindi, na baba alishatangazia kanisa zima kwamba Nekoye wake anapiga mashine Kisumu.

Jioni nimefungua kitabu cha chuo cha ukarani. Ukurasa wa sita, Kiingereza safi kabisa: usimkatize mwenzako akiwa kazini. Basi. Anayewafikiria wenzake ni yule asiyewasumbua kwa salamu. Kitabu kimesema, si mimi.

Jumanne, 4 Mei

Nimeamka gizani, nimefika saa moja kasorobo, mlinzi hata buti hajavaa. Mpango: nikishaketi kabla ya wote, sina wa kumzungukia.

Sikufikiria kwamba aliyeketi ndiye anayezungukiwa. Wamekuja wote kumi, mmoja mmoja, bila haraka, kwa sababu nilionekana sina la kufanya. Nilikuwa sina la kufanya. Taipu ilikuwa bado imefunikwa.

Mzee Oketch wa mafaili ndiye mbaya kuliko wote. Yeye akiushika mkono hauachii, anauweka akiba. Dakika nne! Nimeziona kwenye saa ya ukutani. Alikuwa ananieleza kitu juu ya mjukuu wake wa Sondu, nami nikitikisa kichwa, ndiyo Mzee, ndiyo Mzee, mawazo yangu yote yakiwa kwenye kiganja changu kinachochemka ndani ya chake. Mwishoni nadhani alicheka. Nikacheka pia. Akanitazama, akaenda zake.

Maximilla akafika wa mwisho, gauni la njano, kicheko kikimtangulia mlangoni. Akanishika mkono, akauinua juu ukumbi mzima uuone. "We Nekoye," akasema, "huu ni mkono ama ni kamongo?"

Kamongo! Samaki wa matopeni! Watu walicheka mpaka Dishon akaweka simu chini. Nami nikacheka, kwa adabu, nikaenda chooni kukaa kidogo.

Huyo ndiye anataka kuitwa mwenye kuwafikiria wenzake.

Jumatano, 5 Mei

Mpango mpya. Mtu aliyebeba mzigo hasalimiwi kwa mkono. Nikangoja nje mpaka wote wameingia, nikakumbatia faili zote za shehena zilizokuwa kwenye benchi la mlangoni, kutoka kiunoni hadi kidevuni, nikaingia kama mfanyakazi hodari.

Nilisahau kifundo cha mkono. Mkono ukiwa mchafu au umejaa, watu wa hapa wanakushika kifundo na maisha yanaendelea. Wamenishika vifundo. Mmoja amenishika kiwiko. Nikiyumba hivyo, Mzee Oketch akasema mtoto asiumie, akavuta faili za katikati ili anipunguzie.

Za katikati! Nani anavuta za katikati?

Zote zimeporomoka sakafuni, karatasi za omena, wale dagaa wa Port Victoria, zimelala na karatasi za saruji. Mzee Oketch amejaribu kuzipanga, akapanga, akapangua, akashika kichwa. Nikasema moyoni, miaka ishirini ya mafaili na hajui alfabeti. Dishon amepiga simu Port Victoria kuuliza magunia ni mangapi, na kwa kuwa Port Victoria ni mbali, amepiga kelele ili afike. Sote tumesikia habari za hayo magunia hadi saa nane. Maximilla ameacha kazi yake, akaketi sakafuni na Mzee Oketch kupanga. Kujionyesha tu. Mimi sikwenda kuwasumbua. Walikuwa kazini.

Alhamisi, 6 Mei

Usiku nimetambua kosa langu: nilikuwa nakwepa salamu badala ya kuzifupisha. Mtu anaweza kusalimia kumi kwa mkupuo. Nikasimama mlangoni, nikasema, "Hamjambo nyote," nikaenda kuketi.

Kwangu ilikuwa sauti kubwa. Lakini wakati huohuo Dishon alikuwa bado anaipigia Port Victoria kelele kwenye simu.

Raha niliyoipata! Mikono mikavu, taipu inaimba, kurasa mbili bila kosa. Nusu saa nzima. Kisha nikainua macho. Hakuna aliyekuwa anafanya kazi. Kumi wote walikuwa wananitazama.

Kwao mtu anayepita watu kama anapita nguzo za simu ana mambo mawili tu: amefiwa, ama amekosewa. Mama Lornah amekuja taratibu, ameniuliza kama Kimilili ni kwema. Nikasema ni kwema. Basi, si msiba. Kwa hiyo nimekosewa. Akaanza kwenda meza kwa meza akiwauliza wamemfanya nini mtoto wa watu.

Na wakakiri! Sikuwaomba. Dishon akasema pengine ni ile leso ya Jumatatu, hakukusudia. Mzee Oketch akasema yeye ndiye anayechukua kifutio changu kila siku, akakitoa mfukoni. Karani mmoja akasema amekuwa akimwaga masalio ya chai kwenye ua langu la dirishani. Hilo sikujua kabisa.

Maximilla alikuja wa mwisho. Hakuwa anacheka. Akasema neno la kamongo lilikuwa baya, yeye hutania akiwa na hofu, na hii Ijumaa inampa hofu kweli.

Hapo ningesema ukweli. Sentensi moja ingetosha. Badala yake nikainamisha kichwa kama mtu aliyeumia miaka mingi, nikasema nimemsamehe. Nikiri tena: ilikuwa tamu. Meza ya nyuma mtu akasema, mtoto huyu ana moyo safi.

Lakini hapa msamaha haukubaliki kwa mdomo tu. Wamenishika mikono wote kumi, upya, mara hii kwa mikono yao miwiliwili.

Hata hivyo, kesho nafasi ni yangu. Nani atampa kazi mtu aliyemtukana mwenye moyo safi?

Ijumaa, 7 Mei

Nimetulia sasa. Naweza kuandika.

Mama Lornah alituita saa nne, kabla ya chai. Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali lolote la ukurasa wa sita. Akasema tumekaa na watu wiki nzima bila ukuta, kwa hiyo atatuuliza jambo moja dogo. Mzee Oketch anaendeleaje?

Nikajibu wa kwanza. Mimi, wa kwanza! Nikasema Mzee hana neno, ni mchangamfu, hata Jumanne tulicheka pamoja.

Mama Lornah akaangalia meza yake. Kisha Maximilla akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mjukuu wa Mzee amelazwa tangu Jumapili, homa ilimpanda kichwani, jana jioni ndipo ameanza kunywa uji. Mzee analala kwenye benchi la hospitali, anatoka pale anakuja kazini. Ndiyo sababu Jumatano faili zilimshinda. Maximilla na Dishon wamekuwa wakimmalizia Mzee kazi yake bila kumwambia.

Mama Lornah akanigeukia. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Nekoye, Mzee alikuambia wewe wa kwanza, Jumanne."

Nikasema alikuwa amenishika mkono. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Alikushika, ndiyo. Ulifikiri tunazunguka meza zote hizo kupoteza saa? Tunataka kujua leo ni nani wa kubebewa mzigo."

Nafasi amepewa Maximilla. Mimi sirudi Kimilili, bado. Bwana Wabwire ana haja ya mtu kwenye kaunta ya mbele kwa miezi mitatu, halafu wataona. Kaunta ya mbele! Wenye omena wa Port Victoria, mama wa vitunguu, wenye saruji, makuli, na kila mmoja na mkono wake. Mama Lornah ndiye aliyependekeza. Amesema hapo nitajifunza.

Nimekipitia kitabu chote cha chuo, jalada hadi jalada. Hakuna mahali kinasema mtaulizwa habari za wajukuu. Halikuwa swali la haki.

Lakini mimi si jiwe. Saa kumi nilienda meza ya Mzee Oketch, nikampa mkono mwenyewe, ukiwa umelowa hivyohivyo, nikamuuliza mtoto. Aliushika, akanieleza yote. Dakika tatu tu. Dakika nzima chini ya Jumanne! Kwa hiyo salamu zinaweza kupunguzwa, mtu akitaka.

Jumamosi, 8 Mei

Nimeshinda! Nimezunguka soko la Kibuye asubuhi nzima, kwenye marundo ya nguo za mitumba, hadi nimezipata: glavu. Za sufu, nyekundu iliyoiva, moja kubwa kuliko nyingine. Jumatatu wateja wote watapata mkono mkavu, bila jasho, bila wino, na hakuna atakayetaka kuushikilia dakika nne. Mwenye duka la marundo ameniuliza kama nahamia Ulaya. Nimemwambia ni za kazini. Kuna joto, ndiyo, lakini kazi ni kazi.

Jioni nimezijaribu kwa shangazi ninayekaa kwake, sebuleni. Nimemnyooshea mkono kama kwa mteja. Ameutazama, ameuliza nimeungua wapi. Nikasema sijaungua, ni kwa kuwafikiria watu.

Akavuta kiti, akaketi. Kisha akaniambia kwamba tangu juzi mguu wa kushoto unamfa ganzi, tena jana alipokuwa akitoka sokoni kuna jambo lilimpata barabarani, karibu na kanisa. Sikulipata vizuri ni jambo gani. Kidole gumba cha glavu ya kulia kina tundu, na nilikuwa natafuta sindano.