Kiberenge cha Jumatano

Jumatatu, 7 Juni

Mgomo wa treni bado. Nchi nzima inalia, mimi nacheka kimoyomoyo. Baba Kibonge yuko nyumbani! Fundi wa breki bila treni ni mume mzima mzima. Ndivyo nilivyodhani.

Kumbe mume nimeletewa, masikio yake yamebaki kwenye simu. Tangu asubuhi amekaa kizingitini anaongea na Katibu. Huyo ni katibu wa timu ya Stesheni ya Mwisho, huko reli inakokwisha. Walikuwa waje Jumamosi iliyopita kucheza na timu yetu ya karakana. Mgomo ukaanza, wakakwama. Sasa mechi inatafutiwa siku nyingine. Na kwa kuwa mume wangu ni kipa na pia ni katibu (wengine hawana subira), siku inatafutwa mlangoni kwangu.

Katibu wao ni mwanamke. Hukaa dirisha la tiketi. Sauti nimeisikia: laini kama mafuta ya mtoto. Anamwita mume wangu "mwenzangu". Na yeye anaitikia "mwenzangu"! Nikauliza mwenzako kwa lipi. Akasema kwa mgomo, wote wamegoma. Haya. Mimi nimemzalia mtoto mzito kama mfuko wa saruji, naitwa Mama Kibonge. Yeye amegoma tu, keshakuwa mwenzake.

Wivu sina. Naandika tu nisije nikasahau.

Jioni nikasikia lililonimaliza. Eti siku inayofaa ni Jumamosi hii. Jumamosi hii! Kibonge anatimiza mwaka. Tumepanga kwenda kwa mpiga picha, sisi watatu. Hatuna picha hata moja ya pamoja. Zilizo kwenye simu, kila moja kuna asiyekuwemo, ndiye aliyeshika simu. Jirani yetu fundi cherehani alitupiga picha siku moja, akatukata vichwa kama anavyokata vitambaa. Gauni la Kibonge nimeshalishona ukosi kwa mkono wangu. Ana meno manne sasa. Akicheka yanatoka yote, hata lile linaloona haya.

Nikamkumbusha baba yake. Akasema ah, picha haikimbii.

Na mechi inakimbia?

Jumanne, 8 Juni

Mpango wa kwanza. Simu nimeificha kwenye pipa la unga. Bila simu hakuna Katibu. Bila Katibu hakuna Jumamosi.

Ikalia humo humo ndani ya unga. Kibonge akatambaa mpaka kwenye pipa, akapiga makofi. Mtoto niliyembeba tumboni mwenyewe! Baba yake akaitoa, akaipuliza, akaongea hivyo hivyo na sikio jeupe. Nikasema labda mtoto ndiye aliyeitia. Akamtazama Kibonge, akalitazama pipa, ambalo kimo chake ni Kibonge wawili. Katibu akauliza mbona sauti imeziba, wakacheka wote wawili. Mara ya mwisho mume wangu kucheka vile mbele yangu ni siku nilipoteleza na beseni.

Nikaenda kwa fundi cherehani kutafuta akili. Ana pini mdomoni, kwa hiyo ushauri wake hutoka kidogo kidogo. Akasema mwanamume hafungwi kwa kamba, hufungwa kwa ratiba. Nimeipenda. Nimerudi nayo njia nzima.

Mpango wa pili. Baba Kibonge anaoga, simu iko juu ya meza. Nikamwandikia Katibu kama mimi ndiye yeye: "Mwenzangu, Jumamosi haiwezekani. Njooni tucheze kesho Jumatano. Tafadhali."

Hesabu yangu safi kabisa. Kesho hawawezi kuja, treni hakuna. Wageni wakikubali siku halafu wasitokee, wamepoteza mechi. Sheria hiyo nimeisikia kizingitini hadi naiota. Mechi kwisha, simu kwisha, Jumamosi yangu.

Jibu likaja: "Tutafika."

Nikacheka peke yangu. Mtafika kwa mbawa? Nikafuta ujumbe wote. Namba yake sikuifuta. Mimi si mtu mbaya.

Jioni simu ikagoma kuwaka. Unga umeingia! Nyota yangu njema!

Jumatano, 9 Juni

Wamefika.

Nilikuwa naanika nepi uani. Ua wetu unapakana na reli. Nikasikia kwii-kwaa, kwii-kwaa. Si treni. Kiberenge! Kile kigari cha mafundi wa njia, kinachoendeshwa kwa kupampu mkono wa chuma, juu, chini, juu, chini. Watu wamebanana juu yake na jezi zao, wengine wanakimbia kando wakingoja zamu. Mbele kabisa, bendera nyekundu mkononi, mwanamke. Waliondoka kwao kabla jogoo hajafikiri kuwika.

Sasa wacheze na nani? Wachezaji wetu wametawanyika kutafuta vibarua, maana mgomo haupikwi. Kocha, ambaye kazi yake ni kinyozi, akatoka mbio na wembe mkononi, mteja nyuma yake kanyolewa upande mmoja. Akauliza nani kawaita hawa. Katibu akasema kipa wenu. Kipa wetu akasema nani, mimi? Alikuwa ndiyo kwanza anaamka, mkeka umemchora shavuni.

Mimi nikawa nambembeleza Kibonge. Kibonge hakuwa analia.

Kisha ubishi. Mume wangu akasema kiberenge ni gurudumu juu ya reli, kwa hiyo wamevunja mgomo. Katibu akasema treni ina injini, kiberenge kina mabega ya watu, hayo ni mazoezi ya viungo. Mume wangu akasema chenye breki ni chombo. Katibu akasema breki iko wapi, wamekisimamisha kwa miguu, atazame soli za beki wake wa kushoto. Zikatazamwa. Hazikuwepo. Wakabishana mpaka mishipa ikawasimama shingoni.

Fundi cherehani akaninong'oneza nifurahi, wamegombana. Nifurahi nini? Mimi mume wangu hajawahi kunibishia hivyo! Nikisema jambo, husema "sawa, mama". Mgeni wa asubuhi moja kapewa mishipa yote ya shingo.

Kocha akaamua. Wamechoka, hawawezi kurudi, njia ya kurudi ni mlima. Wachezaji walale karakanani. Katibu alale kwa kipa, kwa kuwa ndiye aliyewaita. Mechi ichezwe Jumamosi, wachezaji wetu wakisharudi.

Jumamosi!

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia na nepi zangu.

Alhamisi, 10 Juni

Niliomba Katibu awe mzee au awe na sura mbaya. Sikuomba vyote viwili, mimi si mlafi. Sikupewa hata kimoja. Mrefu. Ana mwanya. Viganja vimejaa malengelenge ya kiberenge na bado anacheka.

Nimeamka nikakuta amefua nepi zote. Zimetakata kuliko ninavyozitakatisha mimi. Sasa adui wa namna hii unamwanzia wapi?

Kibonge, ambaye hata kwa bibi yake huenda kwa kupigiwa ngoma, kamrukia. Kamtia kidole kwenye mwanya. Wamekaa hivyo asubuhi nzima kama waliosoma darasa moja. Nikasema mtoto ana usingizi, nikamchukua. Akalia. Nikamrudisha. Akanyamaza. Nikaenda kukata kuni ambazo hazikuwa zinahitajika.

Ananiita wifi. Wifi kwa nani? Mume wangu hana dada.

Ijumaa, 11 Juni

Mpango wa tatu. Kama Jumamosi imekwenda, picha ipigwe leo. Nikamvalisha Kibonge gauni lake, nikambeba mpaka kwa mpiga picha. Baba yake nitamfuata, nitamwambia mpiga picha anamdai salamu.

Mpiga picha akasema leo hana nafasi, anasafisha kamera. Nikasema basi kesho mapema. Akasema kesho duka limefungwa, amekodiwa. Nikauliza na nani. Akasema na yule dada wa kiberenge, kwa ajili ya mechi.

Yaani mume amechukua, mtoto amechukua, na mpiga picha pia!

Nikarudi. Kibonge alisinzia begani njiani, ukosi wa gauni umelowa mate. Nilimnusa utosini. Hiyo ndiyo dawa yangu, lakini leo haikufanya kazi.

Jikoni nikamkuta Katibu. Tukaanza kuchambua mchele, yeye upande huu wa ungo, mimi upande ule. Akasema polepole, bila kunitazama, kwamba ule ujumbe wa Jumanne ulimshangaza. Baba Kibonge huwa haandiki "tafadhali". Huandika kama anapiga nyundo.

Nikachambua punje ile ile mara mbili. Akasema hajamwambia mtu, wala hatamwambia. Ila wifi, Jumamosi kulikuwa na nini? Akalitazama gauni.

Nikamweleza. Nililia kidogo. Nikamwambia ni vitunguu. Akasema ndiyo, mchele wa siku hizi una vitunguu vikali.

Mwanamke mwema. Nakubali. Nimelala nikimwombea heri.

Halafu nikaamka ghafla. Anajuaje mume wangu huandikaje?

Jumamosi, 12 Juni

Mechi! Kiwanja kimejaa mpaka juu ya ukuta wa karakana. Nimekaa nyuma ya goli letu na Kibonge mapajani.

Mapumziko, bado sare. Namwona Katibu anakuja anamburuta mpiga picha kwa mkanda wa kamera kama mbuzi. Akasema kamera aliikodi yeye, kwa hiyo anaamua yeye. Kwanza picha ya familia ya kipa, timu zingoje. Akampulizia Baba Kibonge mluzi. Baba Kibonge akaja, matope hadi kwenye nyusi, akajichana nywele kwa glovu. Akanong'ona kwamba alisema picha haikimbii, kumbe imemkimbilia mpaka golini. Akaniomba radhi. Kwa maneno! Mwenyewe!

Tukasimama chini ya mwamba wa goli, wavu nyuma yetu. Kibonge akagoma kutazama kamera. Basi Katibu akasimama nyuma ya mpiga picha, akacheza na ile bendera nyekundu, akaruka, akazunguka, akakaribia kuanguka. Meno manne yakatoka. Kamera ikalia.

Wivu wote umenitoka. Naandika hapa iwe ushahidi.

Kipindi cha pili tukafungwa moja. Mpira wa kizembe, wa kudakwa na bibi kizee. Baba Kibonge anasema ni jua. Mimi namjua. Alikuwa amegeuka anatutazama sisi, Kibonge na mimi. Nilijisikia vizuri sana.

Ingawa Katibu alikuwa amekaa kando yetu.

Jumatatu, 14 Juni

Mgomo umekwisha. Treni ya kwanza imewachukua wageni, kiberenge kimepakiwa behewa la nyuma kama mgonjwa. Katibu alinikumbatia. Nikamfungia maandazi ya njiani. Nikapunga mkono kwa nguvu kuliko wote, nisionekane nimefurahi.

Picha imekuja. Nzuri! Vichwa vyote vipo. Nikaitundika juu ya meza, nikarudi nyuma, nikaitazama.

Hakuna anayetazama kamera. Wote watatu tunatazama pembeni kidogo, mahali pamoja. Kibonge meno yote nje. Baba yake anacheka kile kicheko cha beseni. Na wa tatu, anayecheka kuliko wote mpaka macho yamebaki mstari, ni mimi. Picha yetu ya kwanza ya pamoja, na sote tunamtazama Katibu!

Jioni Baba Kibonge akasema kuna mechi ya marudiano. Huko kwao, Stesheni ya Mwisho. Atalala huko. Akaenda kuoga, anapiga mluzi. Simu imetengenezwa, iko juu ya meza.

Nikaandika: "Marudiano yasogezwe mpaka mwakani." Safari hii sikuweka tafadhali. Mtu hujifunza.

Jibu likaja hapo hapo: "Sawa, wifi. Nibusie Kibonge."

Nimelisoma mara tatu. Mabusu sasa! Kwenye simu ya mume wangu!

Kesho nitamuuliza fundi wa njia kiberenge kinaendeshwaje.