Fulana ya Marehemu Babu

Siku Hermani alipoiona ile fulana ya sufu kwenye rundo la mitumba, mnadani Katesh, alimshukuru Mungu kwa kuumba Wazungu wanaopenda vitu vikuukuu. Ilikuwa ya mistari, imeliwa na nondo shingoni, na kifuani ilishonewa namba saba. Mtu mwenye akili timamu angeipigia deki. Hermani, ambaye jembe lilimtia kizunguzungu hata likitajwa tu, aliona ndani yake ng'ombe mzima.

Na ng'ombe alimhitaji kweli. Mkewe, Letisia, alikuwa amerudi kwao Dongobesh, na baba mkwe alisema hatoki pale mpaka yule mtamba wa mahari aliyeahidiwa miaka mitatu nyuma aonekane kwa macho, maana kwa masikio walishamsikia vya kutosha. Hermani alimpenda mkewe. Hilo ndilo jambo pekee alilolifanya bila ujanja.

Kwenye mashamba ya ngano ya serikali aliishi mtaalamu kutoka Kanada, Bwana Daglasi, ambaye ukuta wa sebule yake ulijaa picha za wanariadha wa zamani, wenye masharubu na kaptula za kufika magotini. Mkubwa wao alikuwa Maklaudi, bingwa wa mbio ndefu wa mwaka 1908, na fulana yake ya mistari. Hermani akaitundika ya kwake juu ya meko ya shangazi yake, Perpetua, kwa wiki mbili, mpaka ikanuka historia.

"Maklaudi alikuja kupanda Mlima Hanang kabla ya vita vya Wajerumani," alimweleza Daglasi. "Babu yangu, mzaa baba, ndiye aliyembebea mizigo. Siku ya kuagana akamvulia fulana."

Daglasi alimeza mate. Kwa fulana ile alikuwa tayari kutoa mtamba wake wa maziwa, ila alitaka mzee wa ukoo athibitishe. Hermani akamleta Perpetua kwa ahadi ya kilo mbili za sukari, bidhaa iliyokuwa adimu miaka ile kuliko ukweli.

"Shikamoo, mama," alisema Daglasi. "Hii ilikuwa ya marehemu baba yako?"

"Marahaba, mwanangu." Perpetua aliinusa fulana, akafuta jicho lisilo na chozi. "Ni yake. Aliivaa mpaka anakufa."

Hermani alitamani kumbusu.

"Sasa huyu kijana anaitoaje?" mama akaendelea. "Kwetu nguo ya marehemu haitolewi na mjukuu. Inatolewa na binti mkubwa. Ndiye mimi."

Hermani angesema nini? Kwamba hakuna marehemu aliyewahi kuivaa? Daglasi, aliyeheshimu mila zote kwa sababu hakuijua hata moja, aliomba radhi, akapokea fulana kwa mikono miwili na kumkabidhi mama kamba ya mtamba.

Njiani kurudi kijijini kwao, Gehandu, Hermani ndiye aliyemswaga mtamba.

"Shangazi, babu hakuwahi kuvaa fulana."

"Alikufa na shuka moja, Mungu amrehemu. Lakini umesema mwenyewe, tena mbele ya mgeni."

"Na Letisia je?" Safari hii hakuwa akiigiza.

Perpetua alisimama, akamtazama kwa huruma halisi, huku ameshika kamba vizuri.

"Mwezi ujao kuna mnada," alisema. "Katafute nyingine. Ila hiyo iwe ya babu wa upande wa mama yako."