Waraka wa Kuzoea Jua

Kwa furaha kubwa, na kwa mamlaka niliyokabidhiwa, natangaza kwamba kituo chetu cha mifugo ni cha kwanza kuwa na Kamati ya Kuzoea. Katibu wake ni mimi. Wenzetu wa vituo vingine wamehangaika miaka na mapaa, feni na mabomba ya maji. Sisi tulilimaliza tatizo la joto kwa waraka wa ukurasa mmoja, tena tukabakiza nafasi ya mhuri.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Tuliletewa ng'ombe watano wa maziwa kutoka nchi ya baridi: wakubwa, weusi, wenye manyoya mazito. Hawakumaliza wiki wakaanza kutweta, ulimi nje, udenda hadi chini. Wakaacha kula, maziwa yakapungua. Watu wasioelewa utawala walisema ni jua. Kamati ilichunguza kwa kina, ikabaini ni utovu wa nidhamu.

Ushahidi ulikuwapo. Kituo kina kipimajoto kimoja, nacho kimeandikwa kwenye daftari la mali za ofisi, kwa hiyo hakiruhusiwi kutoka ofisini. Kinaning'inia nyuma ya kiti cha Mkurugenzi, chini kidogo ya kiyoyozi. Kila siku nilikisoma na kuandika: hali ya hewa kituoni, digrii ishirini na moja. Sasa ng'ombe anayetweta kwenye digrii ishirini na moja, huyo ana lake jambo.

Mhudumu wa ng'ombe ni shangazi yangu, dada yake baba. Kazini namwita Ndugu Mhudumu. Yeye huniita anavyotaka.

"Wewe mtoto wa kaka yangu," alisema siku alipoingia ofisini na viatu vyake vya mpira, akaniachia matope kwenye zulia. "Nani kakudanganya ng'ombe anapozwa kwa karatasi? Madoa, yule ng'ombe mwenye doa jeupe usoni, ana mimba ya miezi minane. Mwili mkubwa vile ukishapata moto haupoi upesi. Mtazame mbuzi wetu: mwili mdogo, masikio marefu, manyoya mafupi, joto lina pa kutokea. Hawa wameumbwa walitunze. Huko kwao ni baraka, hapa ni kifo!"

"Ndugu Mhudumu, hoja yako imepokelewa."

"Imepokelewa na nani? Mimi nataka kivuli!"

Kivuli kilikuwapo kimoja tu: banda la gari la Mkurugenzi, paa nene la nyasi, upepo pande zote nne, upana wa magari matatu ingawa gari ni moja. Mkurugenzi alilifafanua suala hilo kitaalamu. Gari haliwezi kuzoea jua, alisema, kwa kuwa halina akili. Mnyama anayo, akitaka.

Hata hivyo sisi si wakatili. Mkurugenzi aliuandika waraka kwa mkono wake mwenyewe: kila kiumbe kilichosajiliwa kituoni kizoee hali ya hewa ndani ya siku tatu. Kitakachohesabiwa Alhamisi saa saba mchana na kukutwa kinapumua zaidi ya mara arobaini kwa dakika, kitaondolewa kwa lori la Ijumaa. Lori la Ijumaa huenda machinjioni.

Nilishauri tuandike "kila ng'ombe." Akanitazama kwa huruma.

"Katibu, waraka wenye neno ng'ombe utanuka samadi. Weka kiumbe. Lina hadhi."

Nikaweka.

Shangazi aliteuliwa kuwa Mhesabu Pumzi, maana ni yeye peke yake aliyeijua kazi hiyo: unachuchumaa pembeni, unatazama ubavu ukipanda na kushuka, jicho moja kwenye saa. Jumatatu Madoa alipumua mara sabini na mbili. Jumatano, themanini na tano. Shangazi alinikabidhi fomu bila kunitukana, nikajua maji yamezidi unga.

"Tangu ashushwe kwenye lori anakula mkononi mwangu," alisema, machozi yakimtoka. "Anakufa yeye na ndama wake, na mwandiko kwenye orodha ya lori ni wa kwako."

Niliona aibu. Fomu haina safu ya aibu, nikapiga mhuri.

Alhamisi alikuja Mkaguzi Mkuu, mama mwembamba mwenye mwavuli na maneno machache. Kwa heshima yake gari la Mkurugenzi lilitolewa bandani alfajiri, likang'arishwa, likaegeshwa langoni lionekane. Saa sita mchana Mkurugenzi akatuongoza hadi zizini, amevaa suti ya vipande vitatu. Ni mtu wa mwili mkubwa, shingo yake haionekani, na suti ilikuwa nyeusi.

Zizi lilikuwa tupu.

"Ng'ombe wako wapi?" akafoka.

"Wapo, mzee," alisema shangazi. "Saa ya kuhesabu bado. Wewe hutubu tu."

"Hutubu," alisema Mkaguzi, akafungua mwavuli.

Akahutubu saa nzima juani, akiliambia zizi tupu kwamba joto ni fikra. Ilipofika saa saba shangazi akatupeleka kwenye banda la gari. Ng'ombe wote watano walikuwa wamesimama humo tangu asubuhi, wakicheua. Waraka haukukataza. Shangazi akachuchumaa, akahesabu mmoja mmoja. Madoa alikuwa wa mwisho.

"Thelathini na nane," alisema.

"Hakuna wa kuondolewa!" alisema Mkurugenzi, akihema. "Kamati imefaulu!"

"Waraka unasema kiumbe," alisema Mkaguzi, akiusoma upya. "Wewe umesajiliwa hapa?"

"Namba moja!" alijibu kwa fahari, kabla akili haijamfikia.

Shangazi akachuchumaa mbele yake, macho kwenye vifungo vya kizibao. Tulisubiri dakika nzima. Jasho lilikuwa likimdondoka puani.

"Hamsini na nne."

"Upuuzi! Mwili hauzoei kwa siku tatu! Unahitaji majuma, unahitaji maji, unahitaji kivuli! Kuna jua kali hapa!"

"Ripoti yako inasema digrii ishirini na moja," alisema Mkaguzi. "Na saini ni yako. Katibu, mwandike."

Nikamwandika. Sikumbuki kuandika jina kwa mwandiko mzuri kuliko ule. Mkaguzi alimpangia kituo kingine mbali sana, cheo cha chini, lakini kwa usafiri uliotajwa kwenye waraka. Ratiba ya lori haibadilishwi kwa ajili ya mtu mmoja, kwa hiyo ilibidi lipitie machinjioni kwanza, likabidhi karatasi.

Ijumaa saa tano alipandishwa nyuma, katikati ya vyuma, suti ile ile. Jua lilikuwa limeshakolea. Shangazi akaja na ndoo ya maji kutoka zizini, akaiinua kwa mikono miwili hadi usawa wa ukingo wa lori.

"Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," alimwambia. "Mimi nakwambia pole, mzee. Kunywa, njia ni ndefu."

Mkurugenzi alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akainamisha kichwa ndani ya ndoo. Nimeiweka kwenye kumbukumbu za kamati: alikunywa yote, na hakuuliza ni ndoo ya nani.