Kijana Hadi Jumamosi

Jumanne, 8 Oktoba. Odense. Mvua.

Nimepata! Kiongozi wa wahudumu wa kujitolea, mkutano wa kimataifa wa sera za vijana. Nimepewa kizibao cha rangi ya machungwa na redio ya mkononi. Wengine wote ni vizibao vya kijani tu. Nimerudi nyumbani kwa baiskeli nimekivaa juu ya koti la mvua ili watu waone.

Ni haki yangu. Nimekuwa kijana kwenye mikutano kumi na mitano. Kuna watoto pale walikuwa chekechea wakati mimi natikisa vidole Tallinn. (Kwenye mikutano yetu hatupigi makofi. Tunatikisa vidole hewani, eti kelele zinawaonea wapole.)

Kiongozi ndiye atakayesoma tamko la vijana jukwaani Jumamosi alasiri, mbele ya mawaziri. Kisha anapelekwa Lisbon mwaka mzima, mjumbe wa vijana, chumba juu yao. Chumba nakihitaji! Dada yangu Signe, ambaye nakaa kwenye chumba chake cha chini, ana mimba ya miezi minane. Ameshaanza kuegemeza kitanda cha mtoto kwenye kitanda changu. Bila hata haya.

Tatizo ni moja. Kanuni inataka kiongozi awe hajatimiza miaka thelathini. Mimi naitimiza Jumamosi asubuhi. Nimemwambia Annelise, mratibu wa mkutano, kwamba nilizaliwa Novemba. Hakuuliza zaidi. Watu wa kwetu huamini tu. Tabia hiyo huniudhi, ila leo imenifaa.

Jumatano, 9 Oktoba

Nina hasira. Wamenipa msaidizi! Anaitwa Wouter, Mbelgiji wa Ghent. Ndevu hadi kifuani, utosi mtupu kama sahani. Anatabasamu muda wote. Akisikia jina la mtu mara moja halisahau. Mimi ananiita "chifu". Najua ni dharau.

Nimemtupia kazi ya taka ili apotelee huko. Mapipa saba: karatasi, plastiki, chuma, sijui nini. Kufika mchana wajumbe wamepanga foleni kutupa taka huku wanaimba! Annelise akasema hajawahi kuona takataka zenye furaha namna ile. Nikatabasamu mpaka taya likauma.

Chakula kilikuwa mkate mweusi na samaki wa siki. Wouter akaongeza mara mbili na kwenda kumsifu mpishi. Mgeni hawezi kupenda samaki wale. Anajipendekeza tu.

Jioni nimemwonya Signe: pilipili sitaki. Kwetu ukifika miaka ishirini na mitano bila ndoa, marafiki wanakumwagia mdalasini. Nimeshamwagiwa, nilikohoa wiki nzima. Ukifika thelathini bado hujaoa, ni pilipili manga, na nje ya mlango wako wanasimamisha mapipa ya mafuta, moja juu ya jingine, yamepakwa rangi yafanane na kinu cha pilipili. Signe akasema nani atahangaika na mimi, watu wana kazi zao. Hakunitazama machoni. Nadhani ni ile mimba.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimemkamata! Wouter ni mzee. Upara ule si wa kijana. Saa tatu usiku ameshalala, na akisoma anavaa miwani. Hapungui miaka thelathini na miwili.

Kwenye kikao cha wahudumu nikasimama. Nikasema kuna watu humu wanakula ujana wa wenzao. Nikasema aibu iwashike mahali walipo. Machozi yalinilengalenga, nilisema vizuri mno. Nikapendekeza kwamba kiongozi au msaidizi atakayetimiza thelathini, hata kwa saa moja, kabla tamko halijasomwa, avue kizibao pale pale na kumpisha mwenzake. Vidole vilitikiswa ukumbi mzima. Hakuna aliyepinga. Sijawahi kupendwa kiasi kile.

Annelise akasema basi tutaje umri. Mimi nikarudia Novemba. Wouter akasema ishirini na mitatu.

"Upara ni wa ukoo, chifu," akaniambia. "Babu yangu alifunga ndoa na kofia kichwani."

Watu wakacheka hadi kushikana mabega. Nimefika nyumbani nikakipiga teke kitanda cha mtoto. Ni mbao ngumu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kidole gumba cha mguu kimevimba kama kiazi. Wouter ameniletea barafu bila kuombwa, akaniuliza kama nalala vizuri, maana nafanana na baba yake. Nilitamani kumrushia ile barafu.

Nimempigia simu Troels, rafiki yangu tangu shule, ana gereji. Nikamwambia kesho sipo, niko Copenhagen kutwa. Akasema hamna shida. Nyuma yake nikasikia chuma kinagongwa. Nikauliza ni nini. Akasema bomba la moshi la gari. Sawa.

Signe nimemkataza kupandisha bendera uani kesho, kama tufanyavyo kwetu siku ya kuzaliwa. Kisha nikajifungia bafuni kufanya mazoezi ya kusoma tamko. Akagonga mlango, akagonga tena. Nikamjibu kwamba demokrasia inahitaji subira.

"Kaka, kibofu hakina demokrasia! Toka!"

Jumamosi, 12 Oktoba

Mpumbavu Troels! Mpumbavu! Nimefika ukumbini mapema na kukikuta mlangoni kinu cha pilipili, mapipa matatu kwenda juu, kimepakwa rangi nyekundu na herufi nyeupe: ESBEN 30. Nikasukuma. Kimejazwa mchanga. Nikakivika koti langu, likafunika ES tu.

Bahati nzuri wa kwetu wote, Annelise akiwemo, huingilia mlango wa nyuma, wa jikoni. Wajumbe wa kigeni wakaanza kuingia. Msichana mmoja Mreno akauliza hiki ni kitu gani. Nikasema ni sanaa, inahusu vijana wasio na ajira, na thelathini ni asilimia. Akauliza Esben ni mimi? Nikasema Esben ni kijana yeyote. Wakapiga picha! Wouter akanishika bega.

"Kumbe wewe ni msanii, chifu! Mbona ulituficha?"

Akawa anawaeleza wageni wote. Waziri mmoja akaligusa pipa na kutikisa kichwa kwa huzuni. Asubuhi nzima nilikuwa mtu mkubwa.

Alasiri nikapanda jukwaani. Nikasoma, "Sisi vijana..." Mlango ukafunguka. Troels na wenzake wote wa gereji, wamebeba mifuko. Mbele yao Signe na tumbo lake, kumbe ndiye aliyewaambia nilipo. Walinivisha miwani ya kuogelea, wema wao uliishia hapo. Kisha wakamimina.

"Hongera, mzee! Thelathini na hata mchumba huna!"

Mawaziri walipiga chafya mstari mzima. Wa kwetu walielewa mara moja, wakawatafsiria wengine. Annelise akaja, akaniuliza taratibu kama leo ni Novemba. Nikasema kwangu mimi, moyoni, ni Novemba. Akanikumbusha pendekezo. Akanikumbusha ni la nani.

Nikavua kizibao. Akakivaa Wouter. Akasoma tamko huku anapiga chafya kila mstari, na bado walimtikisia vidole wamesimama. Lisbon ni yake.

"Kanuni yako hiyo, chifu. Pole sana," akaniambia, akanikumbatia. Alikuwa analia. Pilipili au huruma, kwa vyote viwili namchukia.

Signe amecheka mpaka nikaogopa atajifungulia pale. Chumba anakichukua Jumatatu. Ameniambia kuna nafasi kando ya mashine ya kufulia. Nawachukia wote, na mimi mwenyewe kidogo.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimeoga, nimeoga tena. Pilipili haitoki. Imeganda kwenye nywele, zimekuwa kijivu. Nilijitazama kwenye kioo nikitukana. Halafu nikaacha kutukana.

Kwenye ubao wa matangazo pale maktaba nimeona: mkutano wa sera za wazee, Aalborg, majira ya machipuko. Wanatafuta kiongozi wa wahudumu wa kujitolea, umri sitini na kuendelea. Chumba kipo, na dirisha linatazama maji. Nimeshaomba. Nimesema ni mstaafu wa gereji. Nani atauliza? Watu wa kwetu huamini tu.

Nasikia nafasi hiyo inatakwa pia na bibi mmoja wa Randers. Nimeona picha yake. Hana hata mvi moja! Inanitia shaka. Kikao cha kwanza tu nitasimama kupendekeza umri ukaguliwe vikali, bila kumwonea mtu haya. Matapeli siwavumilii.