Maji Yalipita Nyuma ya Laivu

Sisi wa benchi la Mhezi hatuna haraka ya kuamini habari, lakini tukishaiamini hatuiachii. Benchi lenyewe lilistaafu kanisani mwaka ule Walutheri waliponunua viti vya plastiki, likahamia hapa kibarazani kwangu, pembeni ya cherehani. Tangu hapo limesikia umbea mwingi kuliko mahubiri yote liliyowahi kusikia kule.

Alhamisi hii habari ililetwa na Elibariki, dereva wa bodaboda. Tunamwita Bando, maana anaweza kuishiwa mafuta katikati ya kona za kushukia Makanya, lakini bando la intaneti haliishi. Alizima pikipiki, salamu hakutoa.

"Mmeiona ya Laivu?"

Laivu ni Vitus. Hilo jina alijipatia kwa jasho lake. Hali, hanyoi, hapigi mswaki bila kujirusha mubashara mtandaoni. Mimi watu wa namna hiyo wananipandisha presha, na nasema wazi.

"Ipi? Ya kula makande au ya kunyoa kidevu?" akauliza Fortunata, muuza chai ya tangawizi, ambaye hapa benchini ni Taarifa ya Habari.

"Ya ndiva!"

Kicheko kikakatika. Kwetu ndiva si mchezo. Ni bwawa linalokusanya maji ya mlimani usiku kucha, alfajiri linafunguliwa, maji yanashuka na mfereji hadi kwa mwenye zamu. Zamu ikikupita unasubiri siku tisa. Na maharage ya Vitus yako kwenye maua, na kwa jua hili Jumapili hayaioni.

"Jana si ilikuwa zamu yake?" nikauliza.

"Ilikuwa. Njooni muone ilivyotumika."

Tukabanana kwenye kioo cha simu. Vitus huyo, miwani ya jua saa kumi na mbili asubuhi, ndevu zimechongwa kama ua la mchongoma wa misheni. "Karibuni wana familia! Mkulima wenu wa kisasa, laivu kutoka Upareni!" Nyuma yake maji yanashuka kwenye mfereji, yanafika njia panda, yanakata kushoto, yanaingia shambani kwa Bibi Asteria. Dakika arobaini nzima! Shamba la Vitus, upande wa kulia, halikupata hata la kunawa uso.

"Nyani haoni kundule," akasema Fortunata, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Huyu nyani alikuwa na kamera, dada! Sema hivi, watu walimwambia. Soma komenti: 'Kaka, maji!' 'Wewe, nyuma yako!' Huyu yuko Dodoma, ameandika, 'Jamani hana ndugu wa kumpigia simu?'"

"Mimi jana asubuhi ile nilimpigia kuhusu suruali yake," nikasema. "Alinikatia."

"Lazima akate! Ukimpigia, laivu inaganda!"

Bibi Asteria alikuwa kwenye ncha ya benchi, anachambua maharage kwenye ungo. Akainua kichwa. "Kumbe yalikuwa ya Vitus?"

"Ya Vitus, bibi. Wewe ulidhani ya nani?"

"Jumapili niliombea mvua. Jana naamka, nakuta shamba limeoga. Nikapeleka kuku wa shukrani kanisani." Akarudi kwenye ungo wake. "Na kuku mwenyewe sirudishiwi."

Fortunata alishindwa kujizuia, birika likamponyoka, chai ikamwagika kwenye viatu vya Bando. Hapo ndipo Vitus mwenyewe akatokea, leo bila miwani, jembe begani, midomo imekauka. Nyuma yake Mzee Asheri, mgawa maji wa ndiva. Anafungua yeye na kufunga yeye, ndiyo maana akiwa mbali tunamwita Koki. Tukainuka. "Shikamoo mzee!"

"Marahaba. Kaeni. Huyu ananifuata tangu kwangu kama mwanambuzi."

"Mzee, nakuomba," akasema Vitus, "nipe zamu nyingine. Maharage yanakufa. Ada ya mtoto iko mle, mbegu za mwakani ziko mle. Mke wangu tangu jana hasemi na mimi."

"Angesemaje nawe wakati unasema peke yako?" akachomekea Bando.

"Bando, nyamaza!" mzee akafoka, akamgeukia Vitus. "Ndiva ikifunguliwa kwa jina lako, umekunywa. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayakumwagika, Asheri," akasema Bibi Asteria. "Yalinywewa."

"Vitus," nikamgeukia, "ile njia ya kushoto si huwa tunaiziba kwa kipande cha mgomba?"

"Tunaiziba, fundi."

"Chako kilikuwa wapi?"

Akatazama chini. "Kilikuwa... kimeshikilia simu."

Benchi lilitaka kuvunjika. Bando alikwenda kuegemea mnazi wake wa chuma, maana yake nguzo ya umeme, akawa anaipiga makofi. "Aisee! Kizibo cha mfereji ndio stendi ya simu!"

"Kilikuwa na kimo kizuri," akajitetea Vitus. "Simu ilinichukua kuanzia kifuani."

"Na komenti? Watu mia nne na kumi na mbili wanakupigia kelele, hukuziona?"

"Zilikuwa zinapita juu ya ndevu. Nikazifuta kwa kidole, nikabaki na sura tu."

Mimi hapo nilitaka kukasirika vizuri, hasira ikanikimbia, nikacheka mpaka uzi ukachomoka kwenye sindano. Lakini nilipomtazama Vitus nikaona macho yamemjaa machozi. Nikaona aibu. Mtu mwenye mtoto wa kusomesha si wa kuchekwa muda mrefu.

"Mzee," nikasema, "itazame hiyo video kwanza. Ndio ushahidi." Sisi Wapare kesi ya kuku tunaweza kuichinjia ng'ombe, lakini bila ushahidi hatuanzi.

"Mimi? Nitazame huo upuuzi? Watu wanajipenda mpaka wanasahau kumwagilia! Mwisho wa dunia huu." Akavuta simu ya Bando huku akinuna. Akatazama. Tukasubiri atoe moto. Mara akainamisha kichwa.

"Rudisha. Huyu anayefungua ndiva hapa mwanzoni, mwenye kofia... ni mimi?"

"Ni wewe, mzee."

"Rudisha tena." Akaivuta simu karibu na pua. "Kumbe nina mabega."

"Na wanakusifia," Bando akachochea. "Huyu kaandika: 'Mzee ana mwendo wa waziri.' Huyu anauliza: 'Babu wa kofia ana Instagramu?'"

"Wameandika waziri?" Mzee akairudisha simu, akajikohoza, akawa mkali upya. "Haya! Hukumu. Asteria alikunywa zamu ya Vitus. Kesho ni zamu ya Asteria, basi atainywa Vitus. Asteria, unaridhia?"

"Shamba langu limelowa. Achukue, maharage yasife."

Vitus akapiga magoti kwenye vumbi, akamshika bibi mikono yote miwili. Nilimwona kwa mara ya kwanza hatafuti kamera iko wapi.

"Ila sharti," mzee akanyanyua fimbo. "Simu inabaki kwa Fortunata. Sitaki kuiona ndivani!"

"Hata ukitaka niizike, mzee."

Tukaanza kutawanyika. Bando akawasha pikipiki, Fortunata akakusanya vikombe. Mzee Asheri alipiga hatua kama kumi, akasimama, akarudi taratibu, akaniinamia sikioni. Kwa bahati mbaya ya mzee, kunong'ona kwake kunasikika hadi Chome.

"Fundi. Lile koti langu la harusi ya binti yangu Esta, unaweza kulipiga pasi jioni hii?"

"Kuna msiba, mzee?"

"Hakuna." Akamtupia jicho Vitus. "Halafu, ile simu... ije tu. Ushahidi ni muhimu. Ila ashike Vitus, asijipige yeye. Mimi nitatokea upande wa migomba, mwanga wa kule ni mzuri."

Bibi Asteria akapepeta ungo wake mara moja, akauegemeza kiunoni, akasimama.

"Basi mimi kesho siendi kuziba njia yangu ya kushoto," akasema. "Naiacha wazi. Na kuku wa pili namfunga kamba leo leo."